Kumbe wafuasi wa Shetani nao wana madhehebu na hawapikiki chungu kimoja? Wajuzi shukeni

#1 Kifaru Mpole
Wakuu heshima kwenu.

Jana nilikua naangalia video ya lile sanamu la Baphomet, lile lenye kichwa cha mbuzi na mabawa, limekaa kwenye kiti na watoto wawili wamesimama pembeni wanalitazama. Ni la hawa jamaa wa Marekani wanaoitwa The Satanic Temple. Nikashuka kwenye komenti nikitegemea nitakuta walokole wanakemea, kumbe wanaoshambulia zaidi ni watu wa Church of Satan, wanasema hawa wenye sanamu ni wababaishaji, wanasiasa tu waliovaa pembe. Nikabaki hoi. Yaani kuna Shetani orijino na Shetani wa kuchakachua?

Msimamo wangu kabla hamjaanza: wote wale wale, wanagombania waumini kama haya makanisa ya mtaani kwetu yanavyogombania nani ana spika kubwa. Anayebisha aje na nondo, tofauti iko wapi na nani anamwabudu nani.

#2 Njoo Kesho
Nimekaa siti ya mbele kabisa na karanga zangu. Anayekuja kusema "hizi mada za usiku" apite pembeni.

#3 Mchumi Mtaani
Mleta mada wale wale sio, tuanzie chini.

Church of Satan ilianzishwa San Francisco usiku wa tarehe 30 Aprili 1966 na Anton LaVey, mpiga kinanda wa kwenye mabaa, akanyoa kipara, akapaka nyumba yake rangi nyeusi nje yote, na alishawahi kufuga simba humo humo ndani. Simba kweli, sio jina la mbwa. Mwaka huo wa 1966 wao wanauhesabu ni mwaka wa kwanza wa zama zao. 1969 akatoa Biblia ya Kishetani na hapo ndipo watu wengi wanapopigwa na butwaa, maana unafungua ukijua utakuta jinsi ya kumwomba Shetani halafu unakuta mwandishi haamini Mungu wala Shetani. Kwake Shetani ni nembo, ni binadamu mwenye kiburi chake, anayependa mwili wake na starehe zake na hataki kupiga magoti kwa yeyote. Sikukuu yao kubwa kuliko zote ni birthday yako wewe mwenyewe. Wana kanuni 11 na humo imeandikwa watoto wadogo hawadhuriwi, na mnyama hauawi mpaka akushambulie au awe wa kula. Ila pia humo humo imeandikwa mgeni akikukera kwako mfanyie ukatili bila huruma. Mnyonge kwao hana chake.

The Satanic Temple ni watoto wa juzi, 2013 hivi, waanzilishi wawili wanaotumia majina ya bandia, Lucien Greaves na Malcolm Jarry. Nao hawaamini kama Shetani yupo. Lakini angalia kanuni zao 7, ya kwanza kabisa ni huruma kwa viumbe vyote, nyingine inasema mwili wa mtu ni mali yake peke yake, nyingine inasema usipotoshe sayansi ili iendane na imani yako. Sasa mtu wa LaVey akisikia Shetani anahubiri huruma anatapika. Hapo ndipo ugomvi ulipo, sio nani anamwabudu nani, kwa sababu HAKUNA anayeabudu.

#4 Mchungaji Kijana
Bwana asifiwe. Mchumi umeeleza vizuri ila umemeza ndoano na chambo chake. Mtu anampeleka bintiye mwenyewe Zeena, miaka mitatu, kwenye madhabahu na kumbatiza kwa jina la Shetani mwaka 1967, waandishi wa habari wamejaa sebuleni, halafu wewe unaniambia ni nembo. Adui hahitaji umwamini ndio akutumie. Tena kwake ni rahisi zaidi ukiwa humwamini.

#5 Pweza wa Mafia
Mchungaji nakuunga mkono nusu. Sisi huku pwani kuwepo kwake hakuna mjadala, Suratul Kahf aya ya 50 iko wazi, Iblisi alikua katika majini akaasi amri ya Mola wake. Kinachonichekesha ni hawa wazungu kujiita watu wa Shetani na hawaamini hata jini mmoja. Bibi yangu pale Kilindoni anaamini habari za Shetani kuliko kuhani wao mkuu.

#6 Njoo Kesho
Hahahaa bibi apewe cheo leo leo.

#7 Mbeba Boksi
Nipo Massachusetts, mji wa jirani na Salem, kwahiyo hili nimeliona kwa macho. Makao makuu ya The Satanic Temple yapo Salem tangu 2016, jengo lilikua la watu wa huduma za mazishi, wao wamelifanya nyumba ya maonyesho ya sanaa na duka. Unakata tiketi unaingia. Sanamu analosema mleta mada limo humo, shaba, karibu mita 2.6 kwenda juu na uzito kama tani moja. Nilipelekwa na mfanyakazi mwenzangu, naingia huku nasoma Zaburi kimoyomoyo, nafika ndani nakuta kaunta ya fulana na vikombe na dada mmoja mpole ananiuliza navaa saizi gani.

Salem yenyewe ule mji wote unakula kupitia wale watu walionyongwa 1692 kwa kesi za uchawi, kila duka lina ungo na kofia ya mchawi, kwahiyo hao jamaa hawashangazi mtu pale. Kujiunga ni bure, kadi ndio unanunua ukitaka. Church of Satan wao dola 225 unalipa mara moja.

#8 Kinyozi wa Getini
Mbeba Boksi umemaliza mjadala bila kujua. Fulana, vikombe, tiketi, dola 225. Marekani ukijiita dini hulipi kodi. Yote hii ni biashara ya kukwepa kodi na ugomvi wao ni wa wateja, funga uzi.

#9 Mzee wa Faili
Kinyozi usifunge. Kwenye kodi umekosea upande mmoja. Church of Satan wanasema hawajawahi kuomba msamaha wa kodi, na LaVey mwenyewe aliandika kwamba makanisa yote yatozwe kodi kikamilifu. Ni msimamo wao na wanajivunia. Walioomba na kupewa hadhi ya kanisa na mamlaka ya kodi ya Marekani ni The Satanic Temple, Aprili 2019, na hapo ndipo wapinzani wao walipopata la kusema.

Na Mchumi, kwenye 2013: walijitokeza hadharani Januari 2013 mjini Tallahassee, Florida, kwenye ngazi za jengo la serikali, wakijifanya wanampongeza gavana Rick Scott kwa sheria iliyoruhusu wanafunzi kutoa ujumbe wa kidini shuleni. Yaani "asante gavana, sasa na watoto wetu wa kishetani watahubiri". Mwanzo wake ulikua mzaha wa kisiasa ndio ukageuka taasisi. Church of Satan kosa hilo hawajawasamehe mpaka leo.

#10 Kinyozi wa Getini
Kwahiyo mmoja anakwepa kodi na mwingine anauza uanachama dola 225. Bado ni hela.

#11 Kifaru Mpole
Mzee wa Faili endelea hapo hapo mkuu, lile sanamu sasa kama hawaliabudu lilitengenezwa la nini? Tani nzima ya shaba ya mzaha?

#12 Mzee wa Faili
Lilitengenezwa la kesi.

2012 jimbo la Oklahoma liliweka jiwe la Amri Kumi kwenye viwanja vya bunge lao. Katiba ya Marekani hairuhusu serikali kupendelea dini moja. Hawa jamaa wakapeleka maombi: kama mmeweka la Wakristo basi tuwekeeni na letu. Wakachangisha mtandaoni, wakamtafuta mchongaji. Kabla halijafika popote Mahakama Kuu ya Oklahoma Juni 2015 ikaamuru jiwe la Amri Kumi liondolewe, kwa kesi iliyofunguliwa na watu wengine kabisa. Sanamu likazinduliwa Detroit Julai 2015 usiku. Baadae Arkansas nao wakaweka jiwe lao la Amri Kumi, jamaa wakalipakia sanamu kwenye lori Agosti 2018 wakaenda kulionyesha mbele ya bunge la Little Rock na kurudi nalo.

Vilabu vyao vya watoto baada ya masomo ni hivyo hivyo. Walianza 2016, na wanaenda kwenye shule ambayo tayari ina klabu ya Kikristo ya Good News, kwa sababu Mahakama ya juu kabisa 2001 ilisema shule ikifungulia klabu ya dini moja haiwezi kuwafungia wengine. Desemba 2023 wakaweka kimeza chao ndani ya jengo la bunge la Iowa msimu wa Krismasi, mtu mmoja akaenda akakivunja, akashtakiwa.

Sasa mtu wa Church of Satan akiangalia haya yote anasema: Ushetani ni wa mtu binafsi, kila mwanachama ana siasa zake, wako wa kulia na wa kushoto, kundi halitakiwi kuandamana kwa jina la Shetani. Nadhani ndio jibu la swali la kwanza la mleta mada.

#13 Mchungaji Kijana
Mzee wa Faili unazungumza kisheria, mimi nazungumza rohoni. Na hizo sheria zenu hazijaeleza zile habari za Marekani miaka ya 80, watoto wa chekechea waliotolewa kafara na kunyanyaswa kwenye mahandaki. Hayo nayo ni nembo?

#14 Mzee wa Faili
Mchungaji hayo ndio yale yanaitwa taharuki ya kishetani. Kesi kubwa ilikua ya chekechea ya McMartin, California, ilianza 1983 ikaisha 1990, moja ya kesi ndefu na ghali kuliko zote nchini kwao, na hakuna hata mtu mmoja aliyetiwa hatiani. Mtaalamu wa FBI, Kenneth Lanning, aliandika ripoti 1992 akasema hakuna ushahidi wa mtandao wa mauaji ya kafara kama ulivyokua unaelezwa. Watoto walihojiwa kwa maswali ya kuwalisha majibu. Kuna watu walikaa jela miaka kwa mambo ya namna hiyo.

#15 Mchungaji Kijana
Kutopatikana ushahidi na kutokuwepo ni vitu viwili. Naendelea kufuatilia.

#16 Nai Jioni
Wazito habari. Hii ya taharuki sisi Kenya tulikua nayo yetu rasmi kabisa, sijui kama wabongo mnajua. 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti Askofu Nicodemus Kirima. Ripoti ikakaa kabatini hadi 1999 ndio ikatolewa. Nilikua primo na walimu walitutisha nayo vibaya sana, ukichora nyota kwa desk unaitiwa mzazi. Na ndani ya hiyo ripoti waliweka kila mtu kwa gunia moja, Freemasons, Wamormoni, hadi Mashahidi wa Yehova, eti huko ndiko waabudu shetani wamejificha. Sasa fikiria mtu wa Watchtower anayekugongea mlango Jumamosi asubuhi anaambiwa ni mmoja wao.

Kwahivyo nikisoma Mchumi anatenganisha Church na Temple nacheka tu, huku kwetu hata Mmormoni hakupona.

#17 Njoo Kesho
Mashahidi wa Yehova tena jamani, wale hata birthday hawasherehekei. Na kwa mujibu wa Mchumi birthday ndio sikukuu kuu ya wale wengine. Tume haikufanya homework.

#18 Mama Wawili
Mimi naomba niulize tofauti na nyie. Shemeji yangu aliliwa hela na hao wanaojiita mawakala, tangazo lilikua Facebook lina jicho na nyoka na 666, "jiunge na Freemason upate utajiri, hakuna kafara ya damu". Akatuma hela ya fomu kwa simu, akatuma ya pete, akatuma ya kusafirisha sanduku la dola kutoka Marekani. Alipoambiwa atume ya kulainisha forodha ndio akaja kukopa kwangu nikajua. Sasa hao ni Church of Satan au Temple?

#19 Kinyozi wa Getini
Dada hao ni Temple of Tandale.

#20 Mchumi Mtaani
Mama Wawili hao hawapo kwenye kundi lolote, ni matapeli wa kawaida, pole kwa shemeji. Church of Satan wanasema wazi hawatafuti wafuasi, na hakuna kati ya haya makundi mawili anayeahidi mtu utajiri kwa fomu. Na Freemason ni kitu kingine kabisa, masharti yao mojawapo ni lazima uamini kuna Mungu muumba. LaVey kwa imani yake ile hata asingepita mlangoni kwao.

Kama mnataka kujua nani aliunganisha Freemason na Shetani vichwani mwa watu, msomeni Mfaransa mmoja anaitwa Léo Taxil. Miaka ya 1880 na 1890 aliandika vitabu kwamba Freemason wanamwabudu Lusifa, akamtunga na mwanamke, Diana Vaughan, eti alikua kuhani wao akatubu. Maaskofu wakashangilia, watu wakamwombea huyo mwanamke. Aprili 1897 akaita mkutano Paris, watu wamekuja kumwona Diana, yeye akasimama akasema yote nilitunga, ilikua utani wa miaka 12, asanteni. Ilibidi asindikizwe na polisi. Na zile hadithi zake zilizokanushwa na mtungaji mwenyewe ndio mpaka leo zinazunguka WhatsApp.

#21 Pweza wa Mafia
Hili la Freemason hata marehemu Sir Andy Chande alihangaika nalo mpaka anaondoka 2017. Alikua mkubwa wao Afrika Mashariki, anaishi Dar, anajulikana, anaeleza kwenye magazeti kwamba sio dini wala sio ushetani, na jengo lao liko pale Posta kila mtu analiona. Watu wakamsikiliza wakaondoka na imani ile ile waliyokuja nayo.

#22 Mluguru wa Mjini
Mnazunguka tu. Mchumi pale #3 kaandika kwa herufi kubwa HAKUNA anayeabudu. Mmeisahau Temple of Set? Alianzisha Jenerali wa jeshi la Marekani, Michael Aquino, mtu wa vita vya kisaikolojia, alikua mkono wa kulia wa LaVey kabisa. 1975 LaVey akatangaza kwamba vyeo vya ukuhani sasa vitatolewa kwa hela, vitu au huduma. Aquino akakasirika, kwa sababu yeye alikua anaamini kweli. Kwa miaka yote ile yeye anajua kuna kiumbe, kumbe bosi wake anajua kuna maonyesho. Akaondoka na kundi la makuhani, usiku mmoja wa Juni 1975 akamwita Shetani, na anasema akajibiwa, akaambiwa jina langu halisi ni Set, yule mungu wa Misri ya kale. Ndio dini ikaanza.

Hawa hawana mzaha, wana madaraja sita, wana orodha ya vitabu vya kusoma kama chuo, kila mtu anafanya kazi ya kujibadilisha nafsi yake mwenyewe, na hawasemi "tunamwabudu", wanasema Set ndiye aliyempa binadamu akili ya kujitambua tofauti na wanyama na mawe. Kwahiyo hapo una mtu anayeamini kuna nguvu yenye nafsi yake. Mchumi futa ile herufi kubwa.

#23 Mzee wa Faili
Mluguru, Luteni Kanali, sio Jenerali. Alifariki 2019. Mengine uko sawa. Ongeza kwamba 1988 alikaa kwenye kipindi cha Oprah yeye na mkewe na kujibu maswali ya Wamarekani wakati ule ule taharuki imepamba moto.

#24 Mchumi Mtaani
Sifuti. Nilikua naongelea makundi mawili aliyoyauliza mleta mada. Halafu Wasetiani, yaani hao watu wa Temple of Set, wengi hawapendi hata kuitwa Washetani siku hizi.

#25 Mluguru wa Mjini
Herufi kubwa inabaki herufi kubwa mkuu.

#26 Mchungaji Kijana
Mmeona sasa. Mtu wa ndani kabisa, msomi, mwanajeshi, anasema alimwita na akaitikiwa. Sijaandika mimi. Ninyi mnaosema ni nembo mlitaka ushahidi, huyo hapo shahidi wenu.

#27 Kinyozi wa Getini
Mchungaji, huyo shahidi wako aliondoka siku bosi alipoanza kuuza vyeo. Tangu lini mtu mwenye mgogoro wa kazi akawa shahidi huru? Aliondoka na wateja akafungua kinyozi chake. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyoanza.

#28 Nai Jioni
😂😂 Kinyozi si ukubali tu uliibia mdosi wako customers.

#29 Kinanda Kibovu
Naingia kwa upande wa muziki maana mimi ni mtu wa magitaa makali (ndio tupo Dar, msishangae). Kuna wale vijana wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 90 waliochoma makanisa ya mbao ya zamani, 1992 kanisa la Fantoft pale Bergen likateketea lote. Varg Vikernes akafungwa 1994 kwa mauaji na uchomaji wa makanisa. Hao walimdharau LaVey kabisa, walisema ni sarakasi, anahubiri starehe na furaha, wao walitaka Shetani wa kweli wa Biblia, mwovu. Yaani walikua wanaiamini Biblia kuliko LaVey, wakachagua tu timu ya upinzani. Na Vikernes baadae anasema yeye hata Mshetani hakuwa, ni mambo ya miungu ya kale ya kwao.

Kwahiyo ukipanga kwa imani, msimamo wa Mchungaji na wa wale vijana juu ya Shetani ni nani unafanana zaidi kuliko wa Mchungaji na Church of Satan. Usinipige block.

#30 Mchungaji Kijana
Sikupigi block ila umenikwaza.

#31 Mluguru wa Mjini
Kinanda ongeza na wale wabaya kweli maana watu wataondoka hapa wanadhani yote ni fulana na vikombe. Kuna Order of Nine Angles, chimbuko Uingereza, hawa wanahubiri uhalifu waziwazi na wamechanganyika na Wanazi mamboleo. Mwanajeshi wa Marekani, Ethan Melzer, alipanga na wenzake kuvujisha siri ili kikosi chake mwenyewe kivamiwe, akakamatwa 2020, 2023 akapewa miaka 45. Kuna na Joy of Satan, hawa wanaamini Shetani yupo, kwao ni Enki wa Wasumeri na ni kiumbe kutoka anga za mbali, na wana chuki kubwa na Wayahudi. Mwanzilishi wao ikaja kugundulika ni mke wa mmoja wa viongozi wa Wanazi wa Marekani, wafuasi kibao wakakimbia.

#32 Kifaru Mpole
Subiri subiri. Shetani ni alien?

#33 Mluguru wa Mjini
Kwa hao ndio.

#34 Pweza wa Mafia
Bibi kasema anajitoa.

#35 Sauzi kwa Muda
Salaam. Mnaongelea Marekani na Ulaya mnaacha Afrika. Mimi nipo Cape Town. Hapa ilianzishwa South African Satanic Church, 2020, waanzilishi Riaan Swiegelaar na Adri Norton, wakafungua ofisi hadharani na redio zikawahoji. Wao nao walifuata mkondo wa kutoamini, Shetani nembo. Kwa Afrika Kusini ilikua kitu kikubwa maana wakati wa makaburu polisi walikua na kitengo maalumu cha makosa ya kishetani, kilianza 1992.

Sasa 2022 yule Swiegelaar akaweka video analia, anasema amejiuzulu, alipoenda kuhojiwa redioni kuna mama alimkumbatia na kumwonyesha upendo asiowahi kuupata, baadae akakutana na Kristo. Kanisa lake likasema sawa tunamtakia heri, likaendelea bila yeye. Mimi nilitegemea wamlaani.

#36 Mchungaji Kijana
Haleluya. Hiyo ndio habari pekee ya maana kwenye uzi huu wote.

#37 Mchumi Mtaani
Sasa Mchungaji hapo umejikwaa mwenyewe. Kama lile lilikua agano na Shetani kweli, mbona walimuaga kwa heri kama mtu anahama idara?

#38 Mchungaji Kijana
Na Zeena, ambaye ubatizo wake mnasema ulikua nembo tu, mbona naye alikimbia?

#39 Mzee wa Faili
Zeena nilijua atakuja. Ni wewe uliyemleta #4 ila stori yake haiko upande wako wala wa Mchumi. Miaka ya 80 yeye ndiye alikua msemaji wa Church of Satan kwenye televisheni, anawatetea wakati wa taharuki. 1990 akaondoka, akamkana baba yake hadharani. Akaingia Temple of Set, 2002 akawa kuhani mkuu wa kike, mwaka huo huo akatoka na kuanzisha kundi lake. Sasa hivi ni mwalimu wa Ubudha wa Tibet. Kwahiyo alipita kwa wasioamini, akapita kwa wanaoamini, akaishia kusikokua kwenu wote wawili.

Na familia yenyewe: mama yake Diane alimfungulia LaVey kesi ya mali, LaVey akatangaza kufilisika. 1991 mwandishi wa Rolling Stone akafuatilia zile stori zake za sarakasi na upigapicha wa polisi akakuta nyingi hazina ushahidi. LaVey akafa 1997, mali ikagombaniwa, binti mkubwa Karla akafungua kanisa lake 1999, Church of Satan ikaenda kwa Peter Gilmore 2001 na makao yakahamia New York. Ile nyumba nyeusi ikabomolewa mwaka huo huo.

#40 Kinyozi wa Getini
Mirathi. Nilisema hela mimi, post namba 8, nendeni mkasome.

#41 Mbeba Boksi
Ila Kinyozi Temple hawajagawanyika kwa hela. 2018 tawi la Los Angeles liliondoka kwa sababu uongozi ulimchukua wakili ambaye pia alishawatetea watu wa mrengo mkali wa kulia. Mwaka huo huo wa Uingereza na Ulaya wakatoka wakafanya yao. Baadae wanachama wa zamani wa jimbo la Washington wakashtakiwa na kanisa lao kwa sababu ya kurasa za Facebook, kesi ikaenda miaka. Yaani dini inayohubiri kupinga mamlaka inawapeleka waasi wake mahakamani. Pale kazini kuna kijana alikua mwanachama na akatoka kipindi hicho, ukimuuliza anasema imani yake haijabadilika hata kidogo, kanuni 7 bado anazo ukutani, anachochukia ni viongozi.

#42 Kifaru Mpole
Asanteni wakuu, nimepata vitu. Ila msimamo wangu wa kwanza naona bado unasimama, nimesikia kugombea vyeo, mirathi, kurasa za Facebook na wakili. Tofauti ya imani mnayoisema naiona kwa Aquino peke yake na wale wa alien.

#43 Mchumi Mtaani
Hapana mkuu, hujasoma #3 vizuri. Mmoja anasema mnyonge afe, mwingine anasema umhurumie. Hiyo sio tofauti ndogo, ndio tofauti yenyewe. Sehemu ya kwanza ya Biblia ya LaVey ameinyofoa kwenye kitabu cha 1896 kinachosema mwenye nguvu ndiye mwenye haki, neno kwa neno kurasa kadhaa. Watu wa Salem hawawezi kukaa meza moja na hicho kitabu.

#44 Mluguru wa Mjini
Na mimi nasema wote nyie mnakwepa. Swali ni moja tu, yupo au hayupo. Ukijibu yupo uko na Set, na Norway, na Mchungaji. Ukijibu hayupo uko na wauza fulana. Huruma na ukatili ni mambo ya baadae.

#45 Mzee wa Faili
Mluguru, Set hayupo upande wa Mchungaji hata kidogo. Wasetiani wanasema Shetani wa Biblia ni picha mbovu waliyoichora wengine ya huyo Set wao.

#46 Mluguru wa Mjini
Anzisha uzi wake nije nikujibu kule, huku mods watafunga.

#47 Mama Wawili
Jamani na hela ya shemeji inarudishwaje? Polisi wanasema tulete namba ya wakala, wakala mwenyewe kazima simu.